Magoti yanauma, usingizi umekata: mimi nilianza kutibu usingizi

Mkuu, umesema una miaka 34 na huu ni mwezi wa nne unafuata ratiba ya seti 5 za mara 5, siku tatu kwa wiki, skwati (kuchuchumaa na kuinuka ukiwa na nondo mgongoni) kila siku ya tizi. Umefika kilo 100, magoti na kiwiko vinauma, usiku unashtuka saa tisa na hulali tena mpaka adhana. Unauliza uache au uvumilie. Mimi nimepitia karibu hayo yote, kwa hiyo nivumilie nikiandika kwa urefu.

Nianze na hesabu. Nilianza na nondo tupu ya kilo 20, nikawa naongeza kilo 2.5 kila siku ya tizi kama ratiba inavyotaka. Siku ya 33, yaani mwisho wa wiki ya 11, nilikuwa na kilo 100 mgongoni. Mzigo umekuwa mara tano na miezi mitatu haijatimia. Misuli iliuweza, maana inapata damu nyingi na inajijenga haraka. Kano zinazoishikiza misuli kwenye mfupa zinapata damu kidogo na zinakomaa polepole sana. Nilikuwa na nguvu kweli, ila goti langu lilikuwa bado liko kwenye kilo 60. Maumivu yalikaa chini kidogo ya pia ya goti, sehemu unayoweza kuigusa kwa kidole kimoja, na yalizidi nikishuka ngazi.

Sasa usingizi, maana hapa ndipo nilipopoteza muda mwingi. Nilidhani ni tatizo la pili, la pembeni. Kazi yangu ilikuwa Posta, naishi Kimara. Nikishuka kwenye mwendokasi naenda jimu moja kwa moja, naanza saa mbili usiku, natoka saa tatu na nusu. Nakula saa nne na nusu, shibe ya ugali. Kitandani saa sita, mwili bado una moto, moyo unadunda. Saa kumi na nusu alfajiri niko macho kuwahi gari. Hata ningelala fofofo ni muda wa saa nne na nusu tu, na mtu mzima anahitaji angalau saa 7.

Tena sikuwa nalala fofofo. Nilikuwa nakunywa ule unga wa kuongeza nguvu kabla ya tizi, saa moja jioni. Kifuniko kimoja kilikuwa na miligramu 200 za kafeini. Kwa watu wengi, kafeini huchukua kama saa 5 kupungua nusu. Maana yake saa sita usiku, nikiweka kichwa kwenye mto, nilikuwa bado na miligramu 100 hivi mwilini, sawa na mtu aliyemaliza kikombe cha kahawa akazima taa. Ndiyo maana nilikuwa nashtuka saa tisa. Nimeona mchangiaji mmoja juu hapa amekushauri uongeze unga huo ili usilegee mazoezini. Tafadhali usimsikilize.

Usingizi mbovu na viungo vinavyouma vinachocheana. Usipolala mwili unakosa muda wa kujikarabati, halafu hata kizingiti cha maumivu kinashuka: jeraha lile lile linauma zaidi kesho yake. Ukilala na goti linalouma, kila ukijigeuza unaamka. Mimi nilizunguka hapo karibu miezi miwili.

Na nilifanya kosa baya zaidi, nakuomba usilirudie. Nilimeza diklofenaki, dawa ya kutuliza maumivu, wiki tatu mfululizo, nanunua mwenyewe bila kuandikiwa. Goti likanyamaza, nami nikaongeza kilo. Kisha tumbo likaanza kuwaka. Dawa za kundi hilo zinaweza kuleta vidonda vya tumbo, na zinaweza kuumiza figo, hasa kwa mtu anayetoka jasho jingi bila maji ya kutosha. Nilikuwa nimejizimia kengele, moto unaendelea.

Aliyenisaidia ni dada mmoja wa fiziotherapia. Nilitegemea aniambie nipumzike kabisa. Akakataa, akasema kano inahitaji mzigo, ila mzigo inaoumudu. Alinirudisha kilo 50, nashuka kwa kuhesabu hadi tatu, napanda kwa kuhesabu hadi tatu. Siku zisizo za tizi, nakaa ukutani kama nimekaa kwenye kiti, sekunde 45, mara tano, na kupumzika dakika mbili katikati. Kipimo alichonipa ni hiki: maumivu ya 0 hadi 10, yakiwa 3 endelea, mradi kesho yake asubuhi goti liko kama lilivyokuwa jana. Likiamka baya zaidi, ulizidisha.

Kiwiko kilikuwa rahisi. Nilikuwa naweka nondo chini sana mgongoni na mikono nimeibana karibu, kiwiko kinabeba kilichopaswa kubebwa na mgongo. Nilitanua mikono na kuipandisha nondo, baada ya wiki chache kikapoa.

Lakini kabla ya yote hayo nilibadilisha muda. Nilihamia jimu ya Kariakoo, karibu na kazini, natoka ofisini saa kumi na moja naingia, saa kumi na mbili na nusu nimemaliza, na foleni ya gari imepungua. Siku zikawa mbili, Jumanne na Jumamosi. Unga niliutupa, na chai ya rangi ya usiku niliiacha. Saa nne niko kitandani. Usingizi ulirudi ndani ya wiki mbili. Goti lilichukua wiki kumi, ila ile wiki ya tatu tu, kabla kano haijapona, lilikuwa tayari linauma kidogo kuliko mwanzo. Kilo 100 nilizirudia baada ya miezi saba, na sijapiga skwati mara tatu kwa wiki tena.

Kuhusu supu ya kongoro waliyokushauri eti ute wa magoti umeisha: kunywa, ni tamu na ina protini, lakini tumbo linaisaga kama chakula kingine, haiendi moja kwa moja gotini.

Nenda hospitali, usisubiri ushauri wa humu, kama goti limevimba na lina joto, linakwama au linakuachia ukitembea, una homa, au viungo vingi vinakakamaa asubuhi kwa saa nzima na zaidi. Dole gumba la mguu likiwaka ghafla usiku, muulize daktari kuhusu jongo (gauti). Kama una seli mundu, mwambie mapema. Na muulize mkeo kama unakoroma mpaka pumzi inakatika, maana hapo kubadili muda wa tizi hakutatosha.

Sasa tuambie: unafanya tizi saa ngapi, unakunywa nini baada ya saa nane mchana, na unaamka saa ngapi? Na mtu akupige video kutoka ubavuni ukiwa na kilo 60, uiweke hapa tuone nondo inakaa wapi.