Sindano za kufuatilia mishipa ya fahamu zina kazi gani?

Dada, umeuliza kwa nini binti yako, anayekwenda kunyooshwa uti wa mgongo uliopinda kwa upasuaji, atachomwa sindano nyembamba kichwani, mikononi na miguuni akiwa usingizini. Sindano hizo hazimtibu. Zinalinda ugwe wa mgongo, yaani mshipa mkuu wa fahamu unaopita ndani ya pingili, ambao unaweza kuumia vyuma vinapoivuta mifupa.

Umeme kidogo hutumwa kutoka kwenye kifundo cha mguu, na mashine hupima kama ujumbe umefika ubongoni. Mwingine hutumwa kutoka kichwani, na misuli ya miguu hushtuka. Taya nazo hubana, ndiyo maana huwekewa shashi iliyokunjwa kati ya meno asijiume ulimi, na mtaalamu wa usingizi hupendelea propofoli, dawa ya usingizi ya mshipani, kuliko gesi za usingizi, ambazo hufifisha ujumbe huo wa umeme unaoonekana kama mawimbi kwenye skrini.

Wimbi likipungua kwa nusu, daktari husimama: nyaya hukaguliwa (mara nyingine ni waya tu uliochomoka), shinikizo la damu hupandishwa, na ikibidi vyuma hulegezwa. Kabla ya mashine hizi kuenea, njia iliyoelezwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 1973 ilikuwa kumwamsha mgonjwa katikati ya upasuaji ili achezeshe vidole vya miguu, na bado hutumika mashine inapotia shaka.

Mimi ningemuuliza daktari jambo moja: ni nani atakayekaa mbele ya skrini hiyo tangu mwanzo hadi mwisho?