Babu alikuwa mgambo wa Kagera, niandike nini?

SWALI: Shikamoo Mzee. Babu yetu alifariki mwezi uliopita huko Kilosa na arobaini yake imekaribia. Kwa kuwa mimi ndiye niliyesoma, nimepewa kazi ya kuandika historia ya marehemu, isomwe siku hiyo baada ya dua. Babu alikuwa fundi baiskeli karibu na stesheni tangu ujana wake, ila mwaka 1978 alichukuliwa pamoja na mgambo wenzake kwenda vita vya Kagera. Baba mkubwa anataka nijaze vita tupu: kwamba babu alikuwa wa kwanza kuingia Kampala, na kwamba kabla ya hapo alipigana na Wajapani kule Burma. Kitambulisho chake kinasema alizaliwa 1941. Mwenyewe hakupenda kusimulia. Ukimuuliza anasema, "Mvua ya kule haina adabu," halafu anakutuma spana. Kuna nishani kwenye mkebe wa biskuti, nayo imeanza kugombewa. Nifanyeje? Mjukuu, Mbagala.

JIBU: Marahaba, binti. Poleni sana na msiba.

Tuanze na Burma, maana hiyo haituchukui muda. Ni kweli askari wa Keya, lile jeshi la kikoloni la Waingereza, kutoka Tanganyika walipigana na Wajapani mwaka 1944, wakiwa Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, katika bonde la Kabaw hadi mto Chindwin. Babu yako mwaka huo alikuwa na miaka mitatu. Hata kama karani alikisia mwaka wa kuzaliwa, na makarani wamekisia sana, hakukosea kwa miaka 15. Lakini usimcheke baba mkubwa. Huenda kisa ni cha kweli ila mwenyewe ni mwingine, pengine baba yake babu. Uliza ukoo. Ikiwa ndivyo, huyo naye apewe sentensi yake kwa jina lake, asimezwe na mwanawe.

Kuhusu Kampala, kila familia ninayoijua hapa Dar ina mtu wake wa kwanza kuingia Kampala. Tukiwakusanya wote, Uwanja wa Taifa hautawatosha. Liache hilo.

Andika yasiyo na ubishi. Majeshi ya Idi Amin yaliingia mwishoni mwa Oktoba 1978, yakakalia eneo la kaskazini ya mto Kagera na kuvunja daraja la Kyaka. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba sababu ya kumpiga tunayo, nia tunayo na uwezo tunao. Mimi nilikuwa mtoto wa shule Magomeni. Ya redioni nayakumbuka, lakini zaidi nakumbuka mabasi na malori yalivyochukuliwa na serikali kubeba askari, sisi tukabaki kupiga miguu. Mgambo walitoka mikoani, wengi wakiwa watu wa jembe na nyundo kama babu yako, wakaunganishwa na JWTZ. Mutukula ilitekwa Januari 1979, Masaka Februari, Kampala tarehe 11 Aprili, na mapema Juni vijana wetu walikuwa wamefika mpaka wa Sudan.

Sasa rudi kwenye maneno yake ya mvua. Unadhani alikunyima habari, kumbe huenda alikupa. Barabara ya Masaka kwenda Kampala inapita kwenye kinamasi cha Lukaya, na hapo ndipo mwezi Machi palipopiganwa vikali, Walibya wakiwa upande wa Amin. Machi ni mwezi wa mvua kule. Sisemi babu alikuwa Lukaya. Nasema watafute mgambo wenzake wa Kilosa walio hai, na usiwaulize walipigana wapi. Waulize walilala wapi, walikula nini, viatu vilidumu muda gani, walirudi nyumbani kwa gari au kwa treni. Mzee anayekataa kusema vita hukubali kusema viatu, na ukishapata viatu njia yote utaipata. Usipompata hata mmoja, weka sentensi yake ya mvua vilevile ilivyo, usiongeze bunduki.

Halafu bibi. Kwenye barua yako yote hujamtaja, na hilo limenishangaza. Miezi ile babu hayupo, nani alikaa kibandani? Watoto walikula nini? Habari kwamba yu hai zilimfikiaje, na nani alizileta? Babu aliporudi alilala siku nzima au alienda moja kwa moja kwenye baiskeli za watu? Mwalimu aliomba tufunge mkanda kwa miezi 18, na mkanda ule ulikaa kiunoni miaka. Sukari foleni, sabuni foleni, spea hakuna. Nieleze fundi baiskeli wa Kilosa aliishije wakati tairi mpya haionekani. Alikata viraka kwenye nini? Alikopesha nani, na nani hakulipa mpaka leo? Mtu ameishi miaka zaidi ya 80, vita havikufika mwaka mmoja. Mimi ningevipa aya moja, tena fupi, na kibanda ningekipa ukurasa.

Ukitaka kuhakikisha tarehe, nenda Maktaba Kuu pale Barabara ya Bibi Titi Mohamed, ulizia magazeti ya Uhuru ya wakati ule. Beba sandwichi au andazi, utasahau muda.

Kurasa mbili zinatosha. Watu watakuwa wamekaa kwenye mikeka tangu asubuhi na pilau inanukia. Hakuna atakayekusikiliza ukurasa wa tatu. Kabla ya siku hiyo msomee bibi peke yenu, bila baba mkubwa. Atakaposema "siyo hivyo," futa.

Nishani ikae kwa bibi maadamu yu hai. Mengine wazee wa ukoo watayaamua baadaye, siyo kwenye arobaini. Wewe ipige picha pande zote mbili, maandishi yasomeke. Na mtu asijitokeze kuisugua kwa majivu ing'ae.