Kushindwa kuacha video za ngono: pa kuanzia ukiwa Dodoma

Kaka, umeuliza kama ukienda Mirembe, hospitali ya afya ya akili hapo Dodoma, kwa tatizo la video za ngono watakulaza. Hapana, wapo wagonjwa wa nje: unaonana na mtaalamu, unarudi kwako. Ukiona haya kupita geti lile, anzia hospitali ya rufaa ya mkoa, uulize huduma ya afya ya akili. Dirishani sema tu unahitaji ushauri nasaha; mengine yasubiri chumbani.

Huko ndani usifiche. Sema ni saa ngapi kwa siku, tangu lini, umejaribu kuacha mara ngapi, na nini kimeharibika: kazi, ndoa, usingizi. Mwongozo wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani (WHO), uitwao ICD-11, unaotumika tangu 2022, unaitambua tabia ya ngono isiyodhibitika ikidumu miezi 6 au zaidi. Kujiona una dhambi peke yake hakutoshi kuitwa ugonjwa. Taja pia huzuni ya muda mrefu na pombe, maana visipotibiwa navyo, hamu hurudi.

Kabla ya miadi, andika kwenye daftari wiki nzima, kila ukitazama: saa, mahali, ulivyojisikia dakika chache kabla. Wengi hugundua ni usiku, simu iko kitandani, bando lipo, mawazo yamejaa. Basi simu ilale sebuleni. Hamu ikipanda toka nje, subiri dakika 20, mara nyingi hushuka yenyewe.

Ukiteleza usiache kliniki, tafadhali. Hapo ndipo wengi hupotea kwa aibu. Mpelekee mshauri daftari hilohilo. Na ukianza kuwaza kujiua, nenda hospitali siku hiyohiyo.