Nikihama seva, Google itanishusha?

SWALI: Kaka habari za kazi. Nina tovuti ya gesti yetu hapa Bagamoyo, wageni wengi wananipata Google wakitafuta malazi karibu na magofu ya Kaole. Nataka kuhama hosti (kampuni inayonitunzia tovuti kwenye seva yake), namba ya IP, yaani anwani ya seva, itabadilika ila jina la tovuti linabaki lilelile. Nitashuka kweli? – Msomaji, Bagamoyo

JIBU: Nzuri dada, ondoa hofu. Google haikupangi kwa namba ya IP, jina na linki zikibaki vilevile nafasi yako haiguswi. Labda utaona Googlebot, yule roboti wao, anapunguza kasi ya kupitia kurasa siku za mwanzo maana bado anapima seva mpya inahimili kiasi gani, baadae anaongeza mwenyewe. Wanaoumia wanaumizwa na mengine kabisa, seva nzito, au ile noindex, alama ya kuiambia Google isioneshe ukurasa, waliyoweka wakati wa majaribio wakasahau kuitoa, na hii ndo mbaya kuliko zote kwa sababu kurasa zinatoka Google moja moja na wewe hushtuki, tovuti si inafunguka vizuri tu!

Siku chache kabla ya kuhama ingia kwenye DNS, pale jina la tovuti linapounganishwa na IP, ushushe TTL, yaani sekunde ambazo IP ya zamani inakumbukwa kabla ya kuulizwa upya, kama ipo 86400 yaani saa 24 weka 300, dakika 5 hizo, ili IP mpya isambae haraka. Na tafadhali sana usizime seva ya zamani siku hiyohiyo hata kama kulipia mbili kunauma, iache mpaka uone kwenye logi zake, yaani kumbukumbu za wanaoingia, hakuna mtu wala roboti anayeingia tena.