Kikombe cha maji ya baridi: mitindo mitatu ya Agostino

SWALI: Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Mimi ni mwinjilisti. Kwenye kozi fupi ya mahubiri tulifundishwa kwamba Agostino, askofu wa kale wa Afrika Kaskazini, aligawa usemaji wa mhubiri katika mitindo mitatu: wa chini, wa kati na wa juu. Mwenzangu anashikilia kwamba mtindo wa juu ni wa mambo makubwa kama wokovu na hukumu, na wa chini ni wa mambo madogo kama sadaka. Ndivyo? Na kama Paulo mwenyewe anakataa “maneno ya hekima yenye kushawishi” (1 Kor. 2:4), Agostino hayo ameyatoa wapi? Si upagani huo umeingizwa madhabahuni?

JIBU: Amina, mwinjilisti. Nianze na mwenzako. Amemnukuu Cicero akidhani anamnukuu Agostino, na kosa hilo nimelikuta hata kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho.

Cicero, wakili na mwanasiasa wa Roma aliyeuawa mwaka 43 kabla ya Kristo, aliandika kwamba msemaji hodari ni yule awezaye kuyasema mambo madogo kwa mtindo wa chini, ya wastani kwa mtindo wa kati, na makubwa kwa mtindo wa juu. Kwake hilo halikuwa na utata, maana alikuwa anazungumzia mahakama: kesi ya deni ni ndogo, kesi ya uhai wa mtu ni kubwa. Agostino anaitaja kanuni hiyo katika kitabu cha nne cha Mafundisho ya Kikristo, kisha anaigeuza palepale. Mimbarani, anasema, hakuna dogo. Hata fedha si jambo dogo, kwa kuwa Bwana amesema aliye mwaminifu katika lililo dogo sana huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia. Paulo alipopata habari kwamba Wakorintho wanashtakiana mbele ya wasioamini kwa ajili ya mali, hakunong’ona, aliwaka. Halafu unakuja mfano ninaoupenda kuliko yote: kikombe cha maji ya baridi cha Mathayo 10:42. Kuna kitu cha bei rahisi kuliko hicho? Lakini Agostino anakumbuka alivyowahi kuwahubiria watu habari zake, na ikawa kana kwamba mwali wa moto umeruka kutoka katika yale maji.

Basi kinachoamua mtindo ni nini? Ni msikilizaji, na kile unachotaka kimtokee. Hajui? Mfundishe, na hapo ndipo mahali pa mtindo wa chini: maneno ya kawaida, hoja baada ya hoja, bila madoido. Kuna jambo la kusifiwa au kulaumiwa, nawe unataka wapende kulisikiliza? Tumia mtindo wa kati, wenye mapambo yake. Wanajua, wanakubali, na bado hawataki kutenda? Hapo ndipo unapopanda juu. Ushahidi mzuri ni Utatu. Hakuna somo kubwa kuliko hilo, lakini anayeufundisha umoja wa Utatu anapaswa kusema kwa mtindo wa chini, kwa sababu ni jambo gumu na watu wanahitaji kuelewa. Mungu huyohuyo akisifiwa katika kazi zake, mtindo wa kati unafaa. Akiachwa na watu wakaziendea sanamu, mhubiri apande juu. Somo ni moja, mitindo mitatu.

Ukitaka kuisikia mitindo hiyo katika Maandiko, fungua sehemu ambazo Agostino mwenyewe anazitaja. Wagalatia 4:21–26, habari za Hajiri na Sara, ni mtindo wa chini. Warumi 12 ni wa kati. 2 Wakorintho 6:2–10 na mwisho wa Warumi 8 ni wa juu. Soma kwa sauti, si kwa macho tu. Kisha rudi Wagalatia 4 uanzie mstari wa 10: hapo Paulo yuko juu kabisa ingawa hakuna pambo lolote la maana. Mtindo wa juu haubebwi na mapambo, unabebwa na moyo uliowaka. Wala haubebeki kwa muda mrefu. Agostino anaonya kwamba kadiri unavyowapandisha watu hisia, ndivyo muda wa kuwaweka huko unavyopungua. Kwa hiyo anayepaza sauti tangu salamu hadi baraka hajahubiri kwa mtindo wa juu; amehubiri kwa kipaza sauti.

Agostino mwenyewe aliupima wapi mtindo huo wa juu? Katika mji wa Kaisaria wa Mauretania, ambao leo unaitwa Cherchell, nchini Algeria. Huko palikuwa na desturi ya zamani: kila mwaka, majira fulani, wenyeji waligawanyika pande mbili, ndugu kwa ndugu, hata wazazi na watoto, wakapigana kwa mawe siku kadhaa mfululizo, na aliyeweza kuua aliua. Agostino akasimama kuwasihi waiache. Wakaanza kumpigia makofi. Wengi wetu tungeridhika. Yeye alihesabu kwamba makofi yale yanaonyesha tu kuwa wanaelewa na wanafurahia. Akaendelea. Walipoanza kulia ndipo alipojua kwamba wameguswa, akafunga mahubiri kwa shukrani kwa Mungu. Anaandika kwamba miaka minane au zaidi imepita na hawajarudia. (Yohane Krisostomo, askofu wa Constantinople zama hizohizo, aliwahi kupendekeza kanisani sheria ya kukataza makofi wakati wa mahubiri. Wakampigia makofi.)

Sasa tuje kwa Paulo, na swali lako ni zito. Lazima ujue kwanza anayejibu ni nani. Agostino alizaliwa Thagaste mwaka 354 na aliishi kwa balagha, yaani ustadi wa kusema kwa kushawishi: aliifundisha Carthage, kisha Roma, na tangu mwaka 384 alikuwa mwalimu wa balagha huko Milan. Akiwa na miaka 19 alisoma kitabu cha Cicero kilichomtia hamu ya hekima, akaigeukia Biblia, akaidharau. Ilionekana duni mno mbele ya Kilatini cha Cicero. Basi aliyeandika kitabu hiki cha nne, yapata mwaka 426, ni mzee wa miaka zaidi ya 70, askofu wa Hippo, anayeyarudia maandiko yaleyale aliyoyadharau akiwa kijana, na sasa anauona ufasaha ndani yake.

Jibu lake ni hili: hatusemi kwamba mtume alizifuata kanuni za ufasaha, lakini pia hatukanushi kwamba ufasaha uliifuata hekima yake. Ameliweka katika picha moja. Hekima inatoka nyumbani kwake, yaani kifuani mwa mwenye hekima, na ufasaha ni mtumishi asiyeachana naye, anayemfuata hata bila kuitwa. Paulo anachokikataa Korintho ni mtumishi kutembea mbele ya bibi yake.

Kisha Agostino anafanya alichokifanya darasani miaka mingi: anachambua. Chukua Warumi 5: “dhiki, kazi yake ni kuleta saburi; na kazi ya saburi ni uthabiti wa moyo; na kazi ya uthabiti wa moyo ni tumaini; na tumaini halitahayarishi.” Wayunani, anasema, huiita mbinu hii ngazi, kila neno likipanda juu ya lililotangulia. Sisi hatuhitaji Wayunani kwa hilo. Aliyewahi kusoma shairi la pindu, ambamo maneno ya mwisho ya ubeti ndiyo yanayofungua ubeti unaofuata, ameshaijua mbinu hii. Sidhani kama Paulo alikaa akapanga kupambia waraka. Kama ilivyo kwa malenga mzuri, wazo lenyewe lilikuwa na umbo la ngazi. Angalia pia 2 Wakorintho 11: “Wao ni Waebrania? Na mimi pia. Wao ni Waisraeli? Na mimi pia.” Swali, jibu, swali, jibu, halafu sentensi zinarefuka zinapofika kwenye mapigo na hatari za safari. Nami naona ajabu kwamba hiyo ndiyo sura ambamo Paulo anakubali kuitwa mtu asiye hodari wa kunena.

Usidhani kwamba Agostino anakuagiza ukasome Kilatini safi. Kinyume chake. Waafrika wa wakati wake hawakutofautisha kwa sikio irabu fupi na irabu ndefu, hivyo neno “os” lingeweza kusikika kama mfupa au kama kinywa. Anashauri mhubiri aseme “ossum”, neno la mtaani lililowakera wanasarufi, ili watu wajue ni mfupa. Ni kama mtu anayetamka “barabara” kwa mkazo mmoja tu: wengine watasikia njia ya magari, wengine watasikia sawasawa. Na anauliza: ufunguo wa dhahabu una faida gani usipofungua, na wa mti una ubaya gani ukifungua?

Kwa kazi yako, mwinjilisti, nachukua mambo mawili kutoka kwake. La kwanza, kanuni za balagha wajifunze vijana wenye nafasi. Mwenye akili kali atapata zaidi kwa kuwasoma na kuwasikiliza wasemaji wazuri, kama mtoto anavyojifunza kusema kwa kusikia wasemao. Na asiye na maneno mengi yake mwenyewe azidi kuyashika maneno ya Maandiko, ili umaskini wa haya uzibwe na utajiri wa yale.

La pili watu hawalitarajii. Karibu na mwisho wa kitabu anasema wapo wanaotamka vizuri lakini hawawezi kutunga. Hao, anasema, wachukue mahubiri yaliyotungwa vizuri na mwingine, wayakariri, wayatoe kwa watu. Huo si wizi. Kwa hiyo lile daftari la mahubiri unaloazimana na mwenzako unaweza kuendelea kuliazima.