Kuleni Kabla ya Kupanda

Swali lenu la wiki hii lilikuwa hili: kupanda milima mirefu kwa baiskeli ni mazoezi ya mwili tu, au kuna jambo la roho ndani yake? Najibu kutoka Nakuru. Jambo la roho lipo, tena kubwa, lakini halipatikani kwa kuutesa mwili. Nalisema hili kwa uzito kwa sababu kuna vijana ninaowafahamu hapa mjini, waendesha baiskeli na waumini wazuri, wanaopanga kupanda Mlima Elgon mwezi wa Januari wakiwa wamefunga. Wanaamini kwamba njaa itawasogeza karibu na Mungu huko juu. Siafikiani nao hata kidogo.

Naelewa fikira hiyo inatoka wapi. Sisi wa Nakuru tumekua tukiona watu wakipanda Menengai kwenda kuomba. Alfajiri, ninapopiga pedali kuelekea kwenye ukingo wa kreta, lile shimo kubwa la volkano, nawakuta njiani wakiwa na mashuka na chupa za maji. Wengine huteremka hadi mapangoni na kukaa huko wakifunga. Nawaheshimu sana, na hatujawahi kupitana bila kusalimiana. Ila anayefunga pangoni ametulia mahali pamoja. Mwenye baiskeli anaudai mwili wake kazi nzito saa baada ya saa, na kadiri anavyopanda ndivyo hewa inavyompunguzia uwezo wa kuifanya.

Hewa ya mlimani ina oksijeni asilimia 21, sawa na ya Mombasa. Kinachopungua ni shinikizo la hewa, na likishapungua, kila pumzi huingiza oksijeni kidogo zaidi. Katika mji wa Iten, kwenye mita 2,400 hivi juu ya usawa wa bahari, shinikizo ni takriban robo tatu ya lile la pwani. Ukifika kilele cha Koitoboss, upande wa Kenya wa Elgon, mita 4,222, limebaki kama asilimia 60. Moyo unakimbia hata kwenye mwinuko mdogo. Misuli nayo huegemea zaidi wanga kuliko mafuta, maana wanga huchomwa kwa oksijeni kidogo. Wanga mwilini ni akiba ndogo, inaisha upesi. Isitoshe, hewa ya huko ni kavu na unahema sana, kwa hiyo maji yanakutoka bila hata kuliona jasho. Sasa mwambie mtu wa namna hiyo asile wala asinywe!

Mwinuko ulionifunza haya, na ninaoupenda kuliko wote, ni wa kutoka Bonde la Kerio hadi Iten kupitia Tambach. Kule chini Cheploch, ambako mto unabanwa na miamba na vijana huruka majini kutoka juu, joto ni la kukausha mate. Kando ya barabara kuna miti ya miiba na, msimu ukiwa mzuri, maembe ya kuuza. Kutoka bondeni hadi Iten unapanda zaidi ya mita 1,000, karibu bila mahali pa kupumzisha mguu. Mwanzoni mnazungumza. Baadaye mazungumzo yanakatika, kila mtu anabaki na mlio wa cheni yake. Kisha kichwa kinaanza ugomvi: kwa nini nilikuja, fulani ananitangulia kwa nini, mbona gia zimeisha. Ugomvi huo nao unakosa hewa, unazimika.

Hapo ndipo naanza kusali. Sala yangu ni fupi kwa kulazimishwa, neno moja nikivuta pumzi na neno moja nikiitoa. Maneno mengi ya kujieleza mbele za Mungu hayapati nafasi, wala maombi ya kuombea hiki na kile. Nabaki mtu anayepokea pumzi ambayo hakuitengeneza mwenyewe. Sijawahi kusali kwa ukweli zaidi ya hapo, hata kanisani. Na sala hiyo nimeipata nikiwa nimeshiba uji wa wimbi na viazi vitamu, mfukoni nina ndizi. Mwenye njaa kwenye ule mwinuko hasali. Anawaza chakula, au anaona kizunguzungu.

Kuna wanaoona aibu kushuka na kusukuma baiskeli. Mimi gia ndogo ikishindwa na gurudumu la mbele likaanza kuyumba, nashuka. Juu kidogo ya Tambach nilikuwa nasukuma hivyo mzee mmoja mwenye mbuzi akanisalimia, "Habari ya safari, mwanangu?" Nikamjibu, "Nzuri, mzee, ila mlima umenishinda." Akatikisa kichwa. "Haujakushinda. Hata punda hupumzika hapo." Akanikaribisha mursik, maziwa yaliyochachushwa, nyumbani kwake, nikanywa kibuyu karibu kizima.

Elgon ni habari nyingine. Njia ya gari kutoka lango la Chorlim inapita msitu mkubwa, halafu mianzi, inafika karibu mita 3,500 kabla ya kuwaachia watembea kwa miguu. Huko kuna nyati na tembo, wale wale wanaoingia pango la Kitum kuchimba chumvi, kwa hiyo mipango yote ifanywe pamoja na askari wa KWS, shirika la wanyamapori la Kenya. Lakini ninaloliogopa zaidi ni ugonjwa wa mwinuko, unaoweza kuanza kwenye mita 2,500 hivi, na haujali kama wewe ni kijana mwenye mapaja ya chuma. Mtu wa Kisumu anayeishi kwenye mita 1,130 asifike juu kule siku hiyo hiyo. Alale Kitale kwanza, apande kidogo kidogo, na akishapita mita 3,000 asiongeze zaidi ya mita 500 hivi za mahali pa kulala kwa usiku mmoja. Kichwa kikiuma, tumbo likichafuka, asipande zaidi. Akianza kupepesuka kama mlevi, au kukosa pumzi hali amekaa, ateremshwe mara moja, hata kama ni usiku.

Kugeuza baiskeli ukiwa unakiona kilele ndilo jaribio gumu la roho kuliko mengine yote mlimani. Miguu inaweza kuwa bado na nguvu, na wenzako wanakungoja. Anayefunga hana hata namna ya kujipima, kwa sababu njaa nayo huleta kichwa kuuma, uchovu na kichefuchefu. Atajuaje kilichompata ni kipi?

Tena kuna kuteremka. Mikono iliyoishiwa nguvu haishiki breki vizuri, na jicho lililochoka huchelewa kuliona shimo. Suleiman Kangangi wa Eldoret, mwendesha baiskeli wa mashindano aliyewafungulia njia vijana wengi wa nyanda zetu za juu, alifariki Agosti 2022 baada ya kuanguka mashindanoni Vermont, Marekani. Alikuwa bingwa. Tangu siku hiyo sishuki Tambach bila kumkumbuka, na natumia breki kidogo kidogo, nikiziachia zipoe.

Kwa vijana wangu wa Nakuru: mfungo wenu ni mwema, ufanyeni Menengai wiki ya kwanza ya Januari, mkiwa mmetulia. Wiki inayofuata mle, mnywe, mlale vya kutosha, halafu twende Elgon. Mkikubali hivyo, nitakuja nanyi, na uji wa asubuhi nitaupika mimi.