Banda na Sahani: Yai la mtoto linatengwa kabla ya trei kujaa

Mwezi uliopita niliandika mstari mmoja tu hapa, kwamba mtoto akishafikisha miezi 6 anaweza kula yai, tena zima sio kiini peke yake, nikadhani nimemaliza kumbe ndo nimechokoza nyuki. Barua zimekuja mpaka nimekosa pa kuziweka. Nimechagua hizi, zingine zinafanana, ukiona swali lako halipo soma la jirani yako utajikuta humo.

Shikamoo shangazi. Mwanangu ana miezi 8 na nina kuku wa kienyeji 4 wanajitafutia wenyewe hapo nje. Mama mkwe anasema yai ni zito kwa tumbo la mtoto nisubiri atimize mwaka. Alafu hata nikitaka kumpa kila siku mayai yenyewe siyaoni, leo lipo kesho hamna. Nifanyeje? (Mama Kitinda)

Marahaba mwanangu. Tuanze na mama mkwe maana huyo ndo unaishi nae. Usimwone mjinga, miaka ya nyuma hata madaktari walikua wanashauri yai licheleweshwe kwa kuogopa aleji, sasa yeye kashika alichoambiwa wakati analea. Ushauri umegeuka. Shirika la Afya Duniani mwaka 2023 lilitoa mwongozo wa chakula cha watoto wa miezi 6 mpaka 23, na humo wamesema nyama, samaki au mayai yawepo kila siku, huku mtoto anaendelea kunyonya. Mwambie taratibu, tena mpe yeye ndo amponde mjukuu wake hilo yai, utaona atakavyolichukua.

Kupika: chemsha dakika 10 hadi 12 toka maji yaanze kutokota, kiini kiwe kigumu kabisa kisiwe cha kuteleza. Ponda na uma, ongeza maziwa yako uliyokamua au maji yaliyochemshwa, mpaka iwe laini kama uji mzito, manake kiini kikavu kinamkaba mtoto. Siku ya kwanza kijiko kidogo tu cha chai, na iwe asubuhi sio usiku, ili umwangalie mchana kutwa. Ukiona vipele vya ghafla, midomo inavimba, anatapika mfululizo au anapumua kwa shida, unakimbia hospitali huandiki barua kwangu. Kama ana ukurutu mkali wa ngozi muulize daktari kabla hujaanza. Asipopata tatizo lolote ongeza kidogo kidogo mpaka afike yai zima.

Kwanini nashikilia yai hivi? Yai moja lina kama gramu 6 za protini, lina vitamini A na B12, na lina kitu kinaitwa kolini ambacho ubongo unakihitaji sana, mtoto wa umri wa huyo wako yai moja linampa karibu yote anayotakiwa kupata kwa siku. Ila msije mkaligeuza yai kuwa dawa. Kule Ecuador mwaka 2015 watafiti waliwapa watoto wa miezi 6 hadi 9 yai moja kila siku kwa miezi 6, walikua watoto 163 pamoja na wale wa kulinganisha ambao hawakupewa, na udumavu, yaani mtoto kuwa mfupi kuliko umri wake, ukapungua kwa asilimia 47 kwa waliokula. Watu wakashangilia. Baadae wakafanya hivyo hivyo Malawi kwa watoto 660, urefu haukubadilika kivile. Kwanini? Kule Malawi watoto wengi walikua tayari wanakula samaki na udumavu wenyewe haukua mkubwa sana, kwahiyo yai lilikuta pengo limeshazibwa. Maana yake kwako ni hii, kama sahani ya mtoto ni nafaka tupu toka Jumatatu hadi Jumapili yai litafanya kazi kubwa, kama nyama na samaki vipo basi litasaidia tu. Na madini ya chuma usiyategemee kwenye yai, yapo lakini hayafyonzwi vizuri, tafuta nyama, maini, kunde na mboga za majani.

Sasa hesabu ya kuku, hapa ndo wengi mnadanganyana. Kuku wa kienyeji anayejitafutia mwenyewe anataga kama mayai 40 hadi 60 kwa mwaka, kwa MWAKA, sio kwa msimu. Anataga 10 mpaka 15 anaatamia, siku 21 hizo, alafu anazunguka na vifaranga miezi miwili na zaidi. Chukua 50. Siku 365 gawanya kwa 50 unapata 7 na ushee, yaani kuku 8 ndo wakupe yai moja kwa siku, na hapo hujaweka hata moja la kuatamia. Wewe una 4, ni mayai 200 kwa mwaka, kama 3 na kitu kwa wiki. Basi panga 3 kwa wiki usijitese, siku zingine mpe kingine kinachotokana na mnyama au samaki.

Ukitaka yaongezeke bila kununua kuku mwingine, usiwaache wote waatamie kwa wakati mmoja. Mwache mmoja aatamie, yule mwingine anayetaka kuatamia muweke kwenye tenga lililoinuliwa hewa ipite chini ya tumbo, lisiwe na majani wala kiota, maji na chakula viwepo, siku 3 au 4 hamu inamtoka na baada ya muda anarudi kutaga. Na vifaranga wakifika wiki 3 au 4 watoe kwa mama uwalee mwenyewe sehemu yenye joto, mama anawahi kutaga tena, mimi nimeona tofauti kubwa kwa hili tu peke yake. Wakati yako mengi yahifadhi, yai sio maziwa, likiwa safi na kivulini penye ubaridi, upande uliochongoka chini, linakaa wiki 2 bila shida. Usiyaoshe kabla ya kuhifadhi, ganda lina utando unaozuia vijidudu, ukiosha unautoa.

Bwana/Bi mshauri, nina kuku chotara 10, nilipanga biashara ya mayai ndogo ndogo lakini mke wangu kila siku anachemshia watoto wawili mayai 2. Kwa mwezi naona nimepoteza trei 2. Naomba umshauri. (Mjasiriamali)

Ni Bi, na mke wako simshauri chochote, hajakosea. Mayai 2 mara siku 30 ni 60, trei 2 kweli, hesabu yako ni nzuri. Ila neno kupoteza ndo nimelikataa. Hao watoto hawajaiba mayai, ndo wateja wako wa kwanza ila malipo yao hayapiti mkononi.

Nikuambie la kwangu, na silisemi kwa kujisifu. Nilipoanza kufuga nilikua nauza mpaka yai la mwisho, wanangu wanayaokota asubuhi wanayapanga kwenye trei vizuri wanayafuta kwa kitambaa, na hela ikija nawanunulia biskuti na soda wafurahi. Nilikua najiona mama mzuri sana. Siku moja mdogo kaniuliza mama mayai yana ladha gani. Mtoto wa nyumba yenye kuku! Sikumjibu, nilienda kuchemsha.

Kwahiyo kaeni wewe na mama watoto muamue idadi, na iamuliwe kabla ya yai kutagwa sio wakati mteja kasimama mlangoni, ukisubiri hapo mteja atashinda kila siku. Mwangu ilikua chaki ukutani, mstari wa watoto juu, wa kuuza chini. Juu ukijaa ndo wa chini unaanza. Siku kuku wametaga machache anayepungukiwa ni mteja. Na biashara yako ihesabu kwa yale yaliyobaki tangu mwanzo, usiweke 60 kwenye mapato alafu ukalia yamepotea.

Jingine, na hili nimeliona nyumba nyingi tu. Watoto wanapewa mayai yaliyopasuka sababu mnunuzi kayakataa. Yaani zuri la mteja, bovu la mwanao. Ufa kwenye ganda ni mlango wa vijidudu, salmonela hao. Likikuponyoka mkononi sasa hivi likapata ufa, likaange hapo hapo liive kabisa, hakuna shida. Ila ulilolikuta kiotani limepasuka lina kinyesi hujui toka lini, tupa, usimpe mtoto.

Shangazi huku wezi wa kuku ni wengi kwahiyo kuku wangu wanalala jikoni na sisi. Jirani anasema ni hatari kwa mtoto, ni kweli? Anatambaa. (Mwoga wa Wezi)

Kweli, na naelewa wezi pia. Mtoto anayetambaa kila akishika chini mkono unaenda mdomoni, na kinyesi cha kuku kina vijidudu vya kuharisha, kampilobakta na wenzake. Anaweza hata asiharishe ukamwona mzima kumbe utumbo umeumia ndani haufyonzi chakula sawasawa. Watafiti waliangalia kaya za vijijini Ethiopia, matokeo yalitoka 2016, wakakuta kufuga kuku kunaendana na watoto kukua vizuri, lakini kuku wakilazwa ndani ya nyumba faida hiyo inaharibika. Unampa yai kwa mkono huu unamnyang'anya kwa mkono ule.

Jenga kibanda kinachoegemea ukuta wa chumba unacholala, kiinuliwe kutoka chini, sakafu ya fito kinyesi kidondoke, mlango wa kufuli. Mwizi akigusa unasikia. Mpaka kiishe, fagia mapema kabla mtoto hajashushwa chini, mtandikie mkeka wake ambao kuku haruhusiwi, na ukitoka kuokota mayai nawa kwa sabuni kabla hujambeba.

Habari shangazi, kila mwaka kuku wanakufa kwa mpigo, wanakunja shingo, wanaharisha kijani. Safari hii nikawapa antibayotiki, wengine wamepona. Mayai yao watoto wale? (Nimechoka)

Pole sana ndugu yangu. Kwa ulivyoeleza inafanana na kideri, wengine mnaita mdondo. Hicho ni kirusi na antibayotiki haiuwi kirusi, waliopona wamepona wenyewe. Mwite mtaalamu wa mifugo athibitishe. Dawa ya kweli ni chanjo kabla ugonjwa haujafika. Ipo ya I-2 inayovumilia joto kuliko zile za kawaida ndo maana inafaa vijijini, tone moja kwenye jicho, unarudia kila baada ya miezi 3 au 4. Anayeumwa hachanjwi. Na ongea na majirani mchanje siku moja, kichupa kimoja kinatosha kuku wengi mnachangishana, alafu ukichanja peke yako ugonjwa unabaki unazunguka mtaa mzima.

Mayai sasa. Kila dawa ina siku za kusubiri, zimeandikwa kwenye chupa au kikaratasi chake, siku hizo mayai hayaliwi wala HAYAUZWI, mtoto wa mteja nae ni mtoto. Zingine zimeandikwa kabisa zisitumike kwa kuku wanaotaga. Kama kikaratasi umetupa peleka jina la dawa kwa mtaalamu, mimi siwezi kukutajia siku bila kujua umempa nini. Na ukifuga kwa kutegemea hizo dawa kila wakikohoa, siku zikihitajika kwa mtu hazitafanya kazi.

Yai lenye kiini cha njano sana ndo lina vitamini? (Msomaji)

Rangi inatoka kwenye chakula, majani mabichi na mahindi ya njano. Kiini cheupe hakimaanishi yai bovu. Rangi ya ganda ni aina ya kuku tu, kahawia na jeupe ndani ni ndugu.

Kuku wangu wanataga mayai laini hayana ganda gumu na wameanza kuyala. (D.)

Kalsiamu imepungua, ganda la yai moja lina karibu gramu 2 zake na kuku anazitoa kila akitaga, bila kuzirudisha anachota kwenye mifupa yake. Kusanya maganda ya jikoni, yachemshe au yakaange, yasage yasionekane tena kama yai (ukiwapa vipande vikubwa unawafundisha kula mayai, labda ndo kilichokupata), weka kwenye kopo pembeni wajilie wenyewe. Okota mayai mara 2 au 3 kwa siku, kiota kiwe na giza kidogo. Anayeendelea kula baada ya hapo, ukimjua kwa mdomo wenye kiini, huyo ni wa sufuria.

Shikamoo bibi, mimi nipo darasa la tano. Rafiki yangu anasema kuku bila jogoo hawezi kutaga. Tumebishana. (Mwanafunzi)

Marahaba mjukuu wangu. Umeshinda wewe kama ulisema anaweza. Kuku anataga bila jogoo, jogoo anahitajika mkitaka vifaranga. Mayai yasiyo na jogoo yanaliwa vile vile, virutubisho vile vile, na hata ukiyasahau mahali penye joto hayaanzi kuota kifaranga ndani. Muonyeshe rafiki yako hii, alafu muulize jogoo wao anakula kiasi gani cha pumba kwa siku.